Mtoe, Kaka

Picha ilinifikia saa nne asubuhi, nikiwa uani kwangu Tabora namenya viazi vitamu, maana tangu nistaafu kazi hiyo imekuwa yangu. Ilitumwa kwenye kundi letu la simu la askari wastaafu, mahali ambapo siku nyingi hakuna jipya zaidi ya salamu za asubuhi na dawa za kisukari. Mwanamume kifua wazi, amevaa bukta, amenyanyua juu ya kichwa ekseli ya behewa iliyochomekwa makopo ya zege huku na huku. Chini ya picha mtu alikuwa ameandika kwamba Winchi wetu wa Mpanda katutoka, maziko keshokutwa Kakese. Wenzangu wakaanza kumiminika. Mmoja akaandika chuma kimelala. Mwingine, ambaye nina hakika hakuwahi kuonana naye, akaandika kwamba Winchi aliwahi kuvuta lori kwa meno. Uongo mtupu. Lori alilivuta kwa kamba, likiwa limenasa kwenye tope, na hakuwa peke yake, tulikuwa watu tisa. Pembeni ya picha ile kinaonekana kiwiko cha mtu mwembamba. Kiwiko kile ni changu, na ndiyo sababu nilishindwa kuandika hata neno moja la pole. Niliweka simu kifudifudi kwenye stuli, nikamaliza viazi, kisha nikamwambia mke wangu anitolee begi.

Nilipelekwa Mpanda nikiwa konstebo wa miaka ishirini na mbili, wakati mji ule bado uko mkoa wa Rukwa na kila karatasi ya maana inapelekwa Sumbawanga kugongwa muhuri. Nilikaa mwaka mmoja tu, hata haukutimia vizuri, lakini kama mtu ataniuliza ni mwaka gani ulionifanya niwe hivi nilivyo, sitataja wa ndoa wala wa kupandishwa cheo. Nilipewa chumba kimoja na Koplo Deo katika kota za polisi. Vitanda viwili vya chuma, katikati sanduku la chai lililogeuzwa meza, dirishani pazia la gunia la unga. Upande wangu kulikuwa na begi na viatu. Upande wake kulikuwa na beseni la mayai, dumu la asali ya Inyonga, chupa ya mafuta ya kuchulia misuli yaliyonuka mpaka kwenye ugali, na chini ya kitanda ile ekseli, ambayo mafundi wa reli walimpa baada ya kuchoka kumwona anaizungukia kwenye chuma chakavu. Alikuwa bingwa wa kunyanyua vitu vizito katika wilaya nzima, jambo ambalo halikuwa gumu kwa sababu hakuna mwingine aliyejaribu. Jina la Winchi alipewa na madereva, kwa sababu masika gari lolote likikwama njia ya Sitalike wanamwita yeye kwanza, kisha ndiyo wanatafuta kamba.

Deo ndiye alikuwa akipika. Alisema mimi natia chumvi kama napaka chokaa. Jioni tulikula ugali na migebuka mikavu iliyoungwa kwa karanga, na kila mara alipogawa samaki alinipa kipande cha mgongo, yeye akachukua kichwa, akidai kwamba nguvu zote za samaki ziko kichwani. Nilimwamini. Nilishakuwa na watoto wa kuwagawia samaki mwenyewe nilipogundua kwamba mtu yule alikuwa ananipa nyama, yeye anafyonza mifupa. Hakupenda kusimulia alikotoka. Alichonieleza ni kwamba alilelewa na masista huko Bukoba tangu mchanga, hajui baba wala mama, na kabila lake ni lile aliloandikiwa kwenye fomu. Siku moja, akimenya yai, akaniambia, "Unajua Mihayo, mimi sijawahi kuzika mtu wangu. Nimezika watu wa serikali tu." Alisema bila kujihurumia, na mimi nikacheka kwa sababu sikujua la kufanya.

Kila jioni tulitoka nyuma ya kota, kwenye ubao wa mninga aliougeuza benchi. Alilala chali, akashusha chuma mpaka kifuani, akakisukuma juu, na kazi yangu ilikuwa kusimama kichwani kwake nikikilinda kisije kikamwangukia shingoni. "Simama kichwani," alikuwa akisema, nami nasimama. Nilijivunia, sitadanganya. Lakini kujivunia mtu mwingine kuna kikomo chake. Mjini nikaanza kuitwa mkia wa Winchi. Nikiingia hotelini kunywa chai wananiuliza mwenye mkia yuko wapi. Siku moja nikiwa nimelala na homa, nikamsikia jirani yetu Mama Joyce akiongea na mwenzake nje ya ukuta, wanapepeta mchele. "Huyu mdogo sijui walimwajiri wa nini," akasema. Mwenzake akajibu, "Si wa kumfulia Winchi!" Wakacheka mpaka ungo ukawatoka. Nilifunika uso kwa shuka. Nilikuwa na wivu, na wivu wangu ulikuwa wa aina mbaya zaidi, wa kumwonea mtu anayekupikia. Kisha ikaja barua kutoka Tabora kwamba Deo amechaguliwa kwenda kwenye mashindano ya kanda, na akishinda huko ataendelea Dar es Salaam. Aliisoma mara nyingi hadi mikunjo ikaanza kuchanika. Alikuwa akiisoma kwa sauti, akifika kwenye jina lake anapunguza mwendo.

Katikati ya furaha hiyo akafariki mzee mmoja wa Kakese, aliyewahi kuwa karani wa mahakama ya mwanzo, na mkuu wa kituo akatutuma askari wanane kwenda kubeba jeneza kwa heshima. Tulivaa sare zilizopigwa pasi hadi zinakata. Deo aliwekwa mbele kulia, mimi nyuma yake. Ilikuwa msimu wa mvua, mpunga umeshika majani pande zote za njia, ardhi ya udongo mweusi inavuta buti, na jeneza lilikuwa zito, maana karani hakuwa mtu mdogo. Tulipofika makaburini na kujiandaa kulishusha, mwanamume mmoja wa makamo akatoka mbio katikati ya waombolezaji, akarukia kaburini, akalala chali, akakunja mikono kifuani. Akapaza sauti kutoka shimoni, "Hashuki mtu hapa! Shimo hili lina ubaridi mzuri, nimelipenda. Nileteeni jogoo na kata ya pombe, la sivyo mzikeni karani wenu juu yangu!" Wanawake waliokuwa wanalia wakaanza kucheka na machozi yao. Mtoto wa marehemu naye akacheka, akamwita mwizi.

Mtu yeyote aliyekulia upande ule anajua kilichokuwa kinatokea. Yule alikuwa mtani wa ukoo wa marehemu, na mtani ana haki zake msibani. Anaweza kumwigiza marehemu alivyokuwa anatembea, anaweza kuficha majembe, anaweza kulala kaburini mpaka wafiwa wampe kitu cha kumwondoa. Hakasirikiwi, wala haguswi. Wafiwa wanabembeleza, anagoma kidogo, kuku analetwa, anatoka akijifuta vumbi na kulalamika kwamba kuku ni mwembamba, ndipo mazishi yanaendelea. Kwetu Tabora nimeona hivyo tangu naanza kutembea. Babu yangu alipokufa mtani alivaa kofia yake akawa anatudai heshima. Kwa hiyo nilijua. Nataka hilo liandikwe wazi kwa sababu nimelificha kwa muda mrefu kuliko nilivyofanya kazi ya polisi.

Deo hakujua. Alisimama na uzito wote wa mbele begani, jasho linamwingia machoni, akageuza kichwa kidogo akaninong'oneza, "Mihayo, huyu mtu vipi? Ana wazimu?" Nilikuwa na muda wa kutosha. Ningeweza kusema, "Ni mtani, kaka, subiri." Maneno manne tu. Lakini nilimwona kichwani mwangu Winchi akishuka kaburini na sare yake, amenuna kama anakwenda kukamata mwizi, na Kakese nzima inamcheka, na kesho yake hotelini wananiuliza mimi ilikuwaje, na kwa mara ya kwanza mimi ndiye ninayesimulia na yeye ndiye anayesimuliwa. Nilitaka kucheka tu, wala sikutaka zaidi ya hapo. Nikasema, "Mtoe, kaka."

Akatuashiria tushushe jeneza kwenye miti iliyolazwa kando ya kaburi, akaingia shimoni. Watu wakadhani askari naye ameingia kwenye mchezo, vigelegele vikapigwa. Mtani, jina lake Fabiani, mkulima wa mpunga wa palepale Kakese, naye akadhani hivyohivyo. Akashika mzizi uliotokeza ukutani mwa kaburi, akakazana, akacheka. Deo akamshika mkono wa kulia na mkanda wa suruali, akamvuta kama anavyovuta chuma kutoka chini, kwa mgongo na mapaja. Nikasikia mlio. Wengi walisema baadaye hawakuusikia, mimi niliusikia. Fabiani akatoka kaburini wakati mkono wake ungali unaelekea kwingine. Kicheko kilikatika hapohapo. Mjane wa karani akasogea mbele akauliza kwa sauti ndogo, "Nyie askari, mmemfanya nini mtani wetu?" Watani wengine waliokuwepo wakakaa chini, wakasema hawachimbi, hawafukii, hawaimbi. Deo alisimama ndani ya shimo, udongo umemjaa viganjani, anatuangalia mmoja mmoja kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Kisha akapanda, akambeba Fabiani mikononi, akakimbia naye kwenye Landrova. Karani alizikwa jua likiwa linazama, na mimi nilibaki nikifukia.

Nilirudi nikamkuta Deo ameshatoka hospitali, amekaa kitandani na shati lenye matope. Nikaanza kuwasha jiko mlangoni ili nisimwangalie. Akaniuliza, "Mihayo, wewe ni mtu wa Tabora. Mambo haya ya watani kulala kaburini, kwenu hayapo?"

"Hayapo, kaka."

"Kwa hiyo hukujua."

"Sikujua. Ningejua si ningekuambia?"

Nikapuliza mkaa ambao ulishawaka. "Sawa," akasema. "Weka maji ya ugali."

Siku chache baadaye tuliitwa ofisini kwa mkuu wa kituo. Alikuwa mtu mnene mwenye hasira za taratibu. Alisema bega la yule raia limechomoka na mfupa wa mkono umevunjika, wazee wa Kakese wamekuja kulalamika, na yeye anataka kujua askari wake walikwenda msibani kuzika au kukamata. "Kuna mtu alikupa amri ya kumtoa?" akamuuliza Deo. Nilikuwa nimesimama kushoto kwake, mikono nyuma. Deo akajibu bila kugeuka, "Hakuna, afande. Niliamua mwenyewe." Mkuu akanigeukia mimi, "Wewe ulikuwa nyuma yake. Ulisikia chochote?" Nikasema, "Hapana, afande." Deo akavuliwa ukoplo, na Tabora wakapelekewa taarifa kwamba hataenda. Jioni ile alikaa kitandani akafumua tepe zake mwenyewe kwa wembe, uzi mmoja baada ya mwingine, kwa uangalifu, asije akaharibu shati. Nikamwambia pole. Akasema, "Bega la mtu limeharibika, Mihayo. Tepe ni kitambaa."

Tangu hapo kila siku yake ya mapumziko aliamka alfajiri, akachukua jembe, akaenda Kakese kupalilia mpunga wa Fabiani. Mwanzoni wanawake wa kwa Fabiani walimfukuza kwa matusi. Akaendelea kwenda. Baadaye wakaanza kumwekea uji. Alirudi matope magotini, mabega yamebabuka, ananisimulia Fabiani kasema hivi, Fabiani kasema vile, maana yule mtu hata kwa mkono uliofungwa mdomo wake ulikuwa mzima. "Twende wote siku moja," aliniambia zaidi ya mara tatu. Kila mara nilikuwa na nguo za kufua au zamu ya mtu. Wakati wa mavuno alibeba magunia kutoka shambani mpaka mashine ya kukoboa, kazi ya watu watatu, na walionisimulia hawakuwa wanacheka tena. Niliogopa kwenda kwa sababu niliamini nikikaa karibu na Fabiani uso wangu utanisema.

Cha ajabu Deo hakuacha vyuma, ingawa hakuna tena mashindano aliyokuwa anayaandalia. Jioni alilala kwenye ubao wake, akasema, "Simama kichwani," na mimi nikasimama. Lakini kuna siku alifika katikati akagoma, mikono inatetemeka, ekseli inayumba juu ya koo lake, na hasemi nishikie. Ananitazama tu, macho kwa macho, yeye chini, mimi juu. Mimi nashtuka, naishika, tunairudisha pamoja. "Umechoka, kaka," nilikuwa nikimwambia. "Eh, nimechoka," anajibu, kisha anakaa na kujifuta. Ilitokea mara nyingi. Kufikia kiangazi sikuweza tena kusimama pale. Nilimwandikia mkuu barua ya kuomba uhamisho, nikasingizia mama yangu mgonjwa, na mama yangu alikuwa mzima anauza maandazi. Deo alinisindikiza stesheni, akanibebea begi kwa kidole kimoja ili kunichekesha. "Ukifika andika," akasema. Sikuandika. Aliniandikia yeye, mara mbili. Ya kwanza alisema ameacha kazi ya polisi na anahamia Kakese kulima. Ya pili alisema anamwoa Skola, mdogo wake Fabiani, na atafurahi nikiwa msimamizi wake wa ndoa. Barua zote mbili nilizisoma nimesimama, nikazichoma.

Sasa nimefika Kakese nikiwa na mvi na fimbo, nimechelewa miaka mingi, na wananipokea kama mtu mkubwa. Skola mwenyewe, mjane, alitoka katikati ya wanawake akanishika mikono yote miwili, akawaambia wenzake, "Huyu ndiye Mihayo wa Deo, wa chumba kimoja." Nilipewa kiti mbele. Katekista akasoma kwamba marehemu alikuja Kakese akiwa mgeni na anazikwa akiwa mwenyeji, watu wakaitikia, na nikaona ni kweli, umati ule wote ulikuwa wake. Baada ya kuzika tukaketi kwenye mikeka, na wakanikalisha kando ya mzee mmoja anayekula wali kwa mkono wa kushoto bila mtu kumtazama vibaya. Wa kulia ulikuwa umelala pajani, umesinyaa. Hakuhitaji kujitambulisha. Sikuweza hata kugusa chakula.

"Mzee Fabiani," nikasema, "nina neno."

"Sema, baba."

"Siku ile nilijua wewe ni mtani. Deo aliniuliza, na mimi ndiye niliyemwambia akutoe."

Aliendelea kutafuna mpaka akameza. "Mbona najua," akasema.

"Unajua vipi?"

"Mimi nimelala chali shimoni, uso juu. Nani mwingine namtazama? Nilikuona unavyojibana usicheke. Nikasema huyu kijana mwenzetu, ananielewa, nikazidisha vituko. Midomo yako niliiona inasema mtoe." Akachota tonge jingine. "Nilimwambia Deo hospitali, kabla hata hawajanifunga mkono."

Nilibaki nahesabu. Kabla ya kufungwa mkono, maana yake kabla ya jioni ile, kabla ya jiko, kabla ya kuniuliza kama mambo yale kwetu yapo. Aliniuliza akiwa anajua. Alisimama mbele ya mkuu wa kituo akiwa anajua. Na jioni zote zile alijilaza chini ya chuma, akaniweka mimi kichwani kwake, akiwa anajua. Nilimuuliza Fabiani, Deo alisema nini.

"Alisema, usimwambie mtu, ataniambia mwenyewe. Mwaka ule wa kwanza alikuwa anasema hivyo kila tukipalilia. Ulipoondoka akasema labda atakuja harusini. Baadaye akaacha kukutaja."

"Sasa kwa nini nyie hamkunitafuta?"

Fabiani akaacha kula. Mtu yule aliyetania kila kitu maisha yake yote alinitazama bila utani hata kidogo. "Alikuandikia barua mbili," akasema. "Hukuzipata?"

"Nilizipata."

"Eeh." Akapangusa vidole. "Mimi ulishaniambia, yamekwisha. Lakini dada yangu hajui. Mpaka leo anajua mumewe alivuliwa cheo kwa ujinga wake mwenyewe, na watu wamemtania nao hapa kijijini mpaka juzi." Kisha, kabla sijasema lolote, akapaza sauti, "Skola! Hebu njoo ukae hapa kidogo."

Akaja, akifuta mikono kwenye khanga, macho yamevimba kwa kulia, na bado akajitahidi kunitabasamia. Akaangalia sahani yangu.

"Shemeji, mbona hujala?"

Nikaiweka sahani chini.